Karata nzuri mkononi, lakini je, uzitupe?

Katika mashindano ya poka, ushindi hauji kwa kupata karata nzuri pekee. Huja pia kwa kujua saa ya kuziachilia.

HEBU jitie katika kiti hiki, msomaji.

Umeketi kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani kibichi. Uko hapo tangu saa nane mchana, na sasa inakaribia saa tano usiku. Mlianza watu 110. Mmebaki 11, mmegawanywa katika meza mbili. Kumi kati yenu watapewa tikiti ya kuingia mashindano makubwa, kila tikiti ikiwa na thamani ya dola 10,000. Wa kumi na moja atarudi nyumbani mikono mitupu, kana kwamba hakuwahi kuketi.

Mgawaji anakutupia karata mbili. Unazifunika kwa viganja, unainua pembe zake kidogo na kuchungulia. Moyo unakuruka. Ni ree mbili!

Hakuna jozi ya kuanzia iliyo bora kuliko hiyo. Kwa wastani huja mara moja tu katika kila migao 221. Kuna wachezaji wanaokaa usiku kucha wakizisubiri wasizione.

Kabla hujameza mate, bwana anayekukabili, ambaye ana mlima wa sarafu mbele yake, anasukuma sarafu zake zote katikati ya meza. Wewe una sarafu za wastani, na ukimfuata itabidi uweke zote. Kule kwenye meza ya pili kuna mchezaji ambaye amebakiwa na sarafu chache mno, zisizotosha hata raundi moja zaidi.

Utafanya nini?

Wengi wetu tungeruka kama tuliochomwa na mwiba na kusema, "Nipo!" Ni nani atupaye ree mbili? Lakini mchezaji mkongwe atazisukuma karata zake kwa mgawaji zikiwa zimefunikwa, bila kusema neno, kisha aagize chai. Na mkongwe huyo hakukosea hata kidogo.

Ili tuone ni kwa nini, yafaa kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe.

Poka ipi hii?

Usiuchanganye mchezo huu na ule ambao vijana wetu mitaani pia huuita poka, ambapo kila mmoja hujitahidi kumaliza karata za mkononi kabla ya wenzake. Huo ni mchezo mwingine kabisa, na mara nyingi atakayeshindwa atanunua soda basi.

Poka tunayoizungumzia hapa ni ile iitwayo Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa zamu: tatu kwanza, halafu moja, halafu ya mwisho. Hizo tano ni za wote. Kila mtu huunganisha za siri na za mezani ili apate karata tano zilizo bora.

Kabla ya kila hatua, watu huweka dau. Ukiona mambo ni magumu unaruhusiwa kuzitupa karata zako, na hapo huongezi hata senti. Ila kile ulichokwisha kuweka kitabaki mezani. Yule atakayesalia peke yake, au mwenye karata bora mwishoni, hulizoa kapu lote.

Sasa shika jambo hili moja kwa makini, kwani makala haya yote yanalitegemea. Kuna poka ya pesa taslimu na kuna poka ya mashindano. Katika poka ya pesa taslimu, sarafu ya plastiki ya Sh100 ni Sh100 kamili. Ukifilisika, utatia mkono mfukoni, ununue nyingine na kuendelea, ikiwa bibi nyumbani hajui.

Katika mashindano mambo ni tofauti. Unalipa kiingilio mara moja na kupewa fungu la sarafu. Sarafu hizo hazinunui hata sukari. Kazi yake ni kukuweka hai. Zikiisha, mashindano yamekwisha kwako. Wanaodumu muda mrefu zaidi ndio wanaogawana zawadi, na mshindi wa kwanza, ingawa amezikusanya sarafu za watu wote, hapewi pesa zote. Hupewa fungu la kwanza tu.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Nyasi zinazonenepa

Turudi kwenye kiti chako na ree zako mbili. Tuseme ukizitupa, una nafasi 97 katika 100 za kupata tikiti, kwa kuwa yule maskini wa meza ya pili yuko pumzi za mwisho. Ukimfuata bwana mwenye mlima naye akawa na karata zozote zile, ree zako zitashinda takriban mara 85 katika kila mara 100. Ni nyingi, lakini mara 15 zilizobaki wewe ndiwe wa kumi na moja.

Na ukishinda, je? Utapata tikiti ileile. Hakuna tikiti mbili kwa mwenye sarafu nyingi. Kwa hivyo umeitoa 97 ukachukua 85, na hujaongezewa chochote. Biashara gani hiyo?

Huo ni mfano uliopita kiasi, utasema. Kweli. Basi tuchukue mwingine wa kawaida.

Mmebaki wanne mezani. Zawadi ni tatu: Sh50,000, Sh30,000 na Sh20,000. Wa nne hapati kitu. Kila mmoja wenu ana sarafu 5,000. Kwa kuwa mko sawa, tunaweza kusema kila mtu ana haki ya robo ya zawadi zote, yaani Sh25,000.

Jirani yako anasukuma sarafu zake zote. Ukimfuata na kushinda, utakuwa na sarafu 10,000, maradufu ya ulizokuwa nazo. Je, haki yako nayo imekuwa maradufu, yaani Sh50,000? La hasha. Sh50,000 ni zawadi ya mshindi wa kwanza, na wewe hujashinda bado. Wachezaji wana njia ya kukadiria jambo hili, ambayo Mmarekani Mason Malmuth aliieleza katika miaka ya 1980. Kwa njia hiyo, sarafu zako 10,000 sasa zina thamani ya karibu Sh38,300.

Ukishindwa, umepoteza Sh25,000 zote. Ukishinda, umeongeza Sh13,300 tu.

Pesa nyingine zimekwenda wapi? Zimekwenda kwa wale wawili waliokuwa wakiwatazama. Kila mmoja wao alikuwa na haki ya Sh25,000, na sasa ana karibu Sh30,800, na hali hakugusa karata. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Kwenye meza ya mashindano ya poka, fahali wawili wapiganapo, nyasi hunenepa.

Ukizipiga hesabu hizo utaona kuwa, ili kumfuata jirani yako kuwe na faida, yakupasa uwe na uhakika wa kushinda zaidi ya mara 65 katika kila 100. Nafasi ya nusu kwa nusu haitoshi. Hata 60 haitoshi.

Sasa tuseme una jeki wawili, karata nzuri ambazo mtu yeyote angefurahi kuzipata. Kama jirani yako ni mlevi wa kamari anayesukuma chochote anachogawiwa, jeki zako zitamshinda mara 77 hivi katika 100. Mfuate. Lakini kama ni mzee mtulivu ambaye hajatia dau kubwa tangu magharibi, basi huenda ana ree na mfalme, ambapo nafasi yako ni kama 56 tu. Au ana jozi iliyo kubwa kuliko yako, ambapo nafasi yako haifiki 20. Zitupe.

Karata ni zilezile na meza ni ileile. Kilichobadilika ni mtu anayekukabili, na kile utakachokipoteza.

Dola 130 na mkata magogo

Yaliyotokea Las Vegas mwaka wa 2009 yanaonyesha jinsi mambo haya yanavyoweza kumgeukia mtu.

Mashindano makuu ya poka duniani, yanayojulikana kama World Series of Poker, yalianzishwa mjini humo mwaka wa 1970 na Benny Binion, mwenye nyumba ya kamari ya Horseshoe. Kiingilio cha shindano lake kuu ni dola 10,000. Si wengi walio na pesa hizo, na ndiyo sababu kuna mashindano madogo ya kufuzu kama lile tulilokuketisha mwanzoni. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliingia kwa njia hiyo mwaka wa 2003 kwa kiingilio kisichofika dola 100, na akaondoka na dola milioni 2.5. Baada ya hapo watu walifurika. Kufikia mwaka wa 2023, shindano hilo kuu lilikuwa na washiriki 10,043.

Mwaka wa 2009 walikuwa 6,494. Miongoni mwao alikuwako Darvin Moon, mkata magogo kutoka jimbo la Maryland, aliyefuzu kwa shindano dogo la dola 130 huko Wheeling, West Virginia.

Mwezi Julai, baada ya siku nyingi za mchezo, walibaki watu 12. Wakifika tisa, mchezo ungesimamishwa hadi Novemba, na kila mmoja wa hao tisa angekuwa amejihakikishia zaidi ya dola milioni 1.2. Moon alikuwa na mlima wa sarafu. Kijana mmoja Mmarekani, Billy Kopp, naye alikuwa miongoni mwa waliokuwa na sarafu nyingi.

Kopp alikuwa na tano na tatu za uru. Mezani zikafunuliwa uru tatu. Maana yake ni kwamba Kopp alikuwa tayari amekamilisha karata tano za aina moja, jambo ambalo aghalabu hutosha kuzoa kapu. Alipandisha, Moon hakurudi nyuma, na karata iliyofuata ilipofunuliwa Kopp akasukuma sarafu zake zote.

Moon akamfuata. Alikuwa na malkia na jeki, nazo pia za uru.

Kopp akatoka akiwa wa 12, na karibu dola 900,000. Si pesa kidogo, utasema, na ni kweli. Lakini alikuwa na sarafu za kutosha kukaa na kungojea watu watatu tu watoke. Badala yake alizihatarisha zote dhidi ya mmoja wa wachache mezani walioweza kummaliza.

Tazama kosa lilipokuwa. Halikuwa katika kuamini kwamba tano na tatu za uru zilikuwa karata nzuri. Zilikuwa nzuri. Lakini karibu kila uru nyingine duniani ilikuwa kubwa kuliko zake. Ni nani mwenye akili timamu angemfuata kwa sarafu nyingi kiasi hicho bila kuwa na uru mbili zilizo kubwa zaidi, au kitu kizuri kuliko hizo? Karata zake zingeweza kumshinda mtu ambaye asingemfuata, na kushindwa na yule ambaye angemfuata.

Swali hilo, msomaji, ndilo la kujiuliza kila mara unapokuwa na karata nzuri. Usiulize tu, "Je, karata zangu ni nzuri?" Uliza, "Nikitia dau kubwa, ni nani atakayebaki nami?"

Moon alifika fainali Novemba. Katika mgao wa mwisho alishika tena malkia na jeki, na safari hii akashindwa na jozi ya tisa za kijana Joe Cada aliyekuwa na umri wa miaka 21. Hata hivyo, mkata magogo alirudi kwao akiwa na zaidi ya dola milioni 5. Karata hazina shukrani wala kisasi.

Kuna zisizotupika

Usije ukadhani nakuambia uwe mwoga. Ziko karata ambazo huwezi kuzitupa, na hata ukishindwa nazo hupaswi kujilaumu.

Mwaka wa 2017, katika shindano hilohilo, Vanessa Selbst, mmoja wa wanawake waliofanikiwa zaidi katika poka, alipata ree mbili siku yake ya kwanza. Mezani zikaja ree nyingine, saba na tano. Ree tatu! Karata iliyofuata ilikuwa saba nyingine, na sasa alikuwa na ree tatu na saba mbili, fungu ambalo wachezaji huliota usingizini.

Aliyekuwa akishindana naye ni Gaëlle Baumann wa Ufaransa. Baumann alipoweka sarafu zote mwishoni, Selbst alisita. Aliwaza kwa sauti kwamba huenda mwenzake ana saba mbili mkononi. Akajua hatari iko wapi, akaitaja, kisha akafuata.

Baumann alikuwa na saba mbili. Jumla, saba nne. Selbst akatoka kabla watu hawajapasha viti moto.

Je, alikosea? Wengi wa wanaouelewa mchezo watakwambia hakukosea. Kwa karata zilizokuwa mezani, jozi moja tu ya siri ndiyo iliyoweza kumshinda, na yapo mafungu mengi mazuri ambayo mtu angeweza kuyasukumia sarafu zote na bado akashindwa naye. Isitoshe, ilikuwa siku ya kwanza. Hakukuwa na zawadi iliyokuwa karibu, wala maelfu ya dola yaliyongoja mtu mmoja atoke. Hapo thamani ya sarafu iliyopotea na ile iliyopatikana hukaribiana, na mtu hucheza karata zake.

Linganisha na Kopp. Yeye alikuwa na fungu ambalo mengi yangelishinda, tena wakati ambapo kila mtu anayetoka alimletea yeye pesa. Selbst alikuwa na fungu ambalo moja tu lingelishinda, wakati ambapo kungojea hakungemfaidi sana. Wote wawili walitoka, lakini hawakutoka kwa kosa moja.

Funzo ni kwamba uamuzi haupimwi kwa karata iliyofunuliwa mwisho. Hupimwa kwa yale uliyoyajua wakati ulipoamua.

Maumivu ya kutojua

Sasa tugeuze upande wa pili, maana kutupa nako kuna gharama yake.

Mwaka wa 2016, Stacy Matuson alikuwa na malkia wawili katika shindano hilo kuu. Mpinzani wake alikuwa William Kassouf wa Uingereza, mtu ambaye mdomo wake haukupumzika. Kassouf alitia dau zito, akazungumza na kuzungumza, akimwambia mwenzake mambo chungu nzima. Matuson alifikiri kwa muda mrefu, mwishowe akazitupa karata zake.

Kassouf alikuwa akipiga mkwara. Hakuwa hata na jozi. Karata yake kubwa ilikuwa tisa. Akaionyesha kwa majivuno, na kisa hicho kikasambaa kwa televisheni kote duniani.

Ni rahisi kwetu tulioketi nyumbani kumcheka bibi huyo. Lakini kwa kawaida aliyetupa karata haonyeshwi kitu. Mgawaji huzikusanya na kuzichanganya, na wewe hubaki na swali litakalokukereketa hadi kitandani: je, nilikuwa mbele?

Hili ndilo jambo gumu kuliko hesabu zote. Ukifuata na kushindwa, angalau unajua. Ukitupa, hujui. Na wengi wetu tuko radhi kupoteza pesa ili tu tujue. Mpiga mkwara analijua hilo, na mchezaji mwenye karata kubwa analijua pia, ndiyo maana wote wawili hukutazama kwa uso uleule.

Mtu anayetupa kila mara naye hafiki mbali. Katika mashindano kuna dau la lazima ambalo huzunguka meza, na hupanda kila baada ya muda. Likikufikia ulilipe, utake usitake. Anayengojea ree pekee ataliwa kidogo kidogo kama sabuni kwenye maji, na ree zitakapokuja atakuwa na sarafu ambazo hazimtishi mtu.

Maswali manne

Basi ukijikuta na karata nzuri na sarafu za mwenzako zimekujia zote, usikimbilie kujibu. Vuta pumzi, kisha jiulize maswali manne kwa utaratibu huu.

Kwanza, nikishindwa nitabaki na nini? Kama mpinzani wako ana sarafu chache kuliko wewe, hakuui hata akishinda. Mpokee bila hofu nyingi. Kama anazo nyingi kuliko zako, huyo ndiye wa kuogopwa. Watu wawili wenye milima mikubwa kwa kawaida huepukana kama paka wawili kwenye ukuta mmoja.

Pili, zawadi inayofuata iko umbali gani? Mapema, kukiwa bado na mamia ya watu, cheza karata zako. Kadiri pesa zinavyokaribia na kuna wenye sarafu chache kuliko wewe wanaoelekea kutoka, ndivyo kungojea kunavyolipa. Lakini kama wewe ndiwe mwenye chache kuliko wote, kungojea hakukusaidii. Tafuta karata inayofaa upigane.

Tatu, ni nani huyu, na amefanya nini tangu mwanzo wa mgao huu? Usitazame tu dau la mwisho. Rudi nyuma. Alipandisha mapema au alivizia? Alisita au alikuwa tayari? Kisa chake kinaungana kutoka mwanzo hadi mwisho? Mwenye karata kweli husimulia kisa kimoja. Mpiga mkwara aghalabu huacha pengo mahali fulani.

Nne, ni karata gani zitakazonifuata na nizishinde? Ukizihesabu kwa vidole ukakuta ni nyingi, endelea. Ukikuta ni moja au mbili, na zinazokushinda ni nyingi, basi uzuri wa karata zako ni wa kutazama tu. Zisukume mbele zikiwa zimefunikwa.

Utaona kwamba katika maswali yote manne, hakuna hata moja linalouliza umengoja karata hizo kwa muda gani. Hakuna linalouliza umekwisha kuweka sarafu ngapi kwenye kapu. Hizo zilizokwisha kuingia si zako tena. Wengi huangamia wakizifuata, kama mtu anayeruka mtoni kufuata kofia.

Neno kwa aliye nyumbani

Makala haya si ya kumtuma mtu kwenye nyumba ya kamari. Ukicheza, cheza kwa pesa ambazo zikipotea hakuna mtoto atakayefukuzwa shule wala sufuria itakayokosa unga. Huo ndio uamuzi wa kwanza wa kutupa karata, na hufanywa kabla ya kuketi. Ikiwa pesa ulizo nazo ni za kodi ya nyumba, basi hata ukipewa ree mbili kila mgao, zitupe uende zako. Na kwa walio chini ya miaka 18, jambo hili si lao kabisa.

Lakini hata usipowahi kugusa karata maishani, kuna kitu cha kuchukua hapa. Si vigumu kuacha kitu kibaya. Mtu yeyote hutupa saba na mbili bila kuumia. Kinachompima mtu ni kuacha kitu kizuri, alichokingoja sana, ambacho wenzake wote wangekishikilia, kwa sababu ameona kwamba pale alipo na wakati ule, gharama yake imeipita faida.

Tukuache pale tulipokukuta, msomaji. Ni saa tano usiku. Ree mbili ziko chini ya viganja vyako. Bwana mwenye mlima anakutazama bila kupepesa. Umezisukuma kwa mgawaji, na jirani yako, asiyejua ulichotupa, hajashtuka hata kidogo.

Dakika chache baadaye, kelele zinasikika kutoka meza ya pili. Yule aliyekuwa pumzi za mwisho amesimama, amevaa koti lake, anapeana mikono na wenzake. Mmebaki 10.

Umeshinda tikiti ya dola 10,000 kwa karata ambazo hukuzicheza, na hakuna mtu chumbani humo atakayejua.